Ukienda Bruges, lala huko

Dada yangu alinipigia simu kutoka Dar es Salaam. Viza ya Schengen imetoka, likizo amepewa siku kumi, anakuja kwangu Köln, Ujerumani, mwezi Machi, na kitu cha kwanza anachokitaka ni nimpeleke Bruges, ule mji wa kale wa Ubelgiji. "Siku moja inatutosha," akasema. "Tunaondoka alfajiri, tunapiga picha, usiku tumesharudi."

Nikamkatalia. Usafiri si tatizo, maana Köln hadi Brussels kwa treni ya mwendo kasi ni kama saa mbili, na kutoka Brussels hadi Bruges ni saa moja hivi. Nilikataa kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kwenda hivyo na hadi leo nasikitika.

Ilikuwa Julai, safari ya basi, watu hamsini. Tulishushwa saa tano asubuhi, tukaambiwa saa tisa alasiri kila mtu awe amerudi kwenye kiti chake. Masaa manne. Kupanda mnara, foleni. Kupanda boti, foleni ndefu zaidi. Nilinunua chipsi kwenye kibanda kilicho chini ya mnara, nikala nimesimama huku nasukumwa na mabegi ya watu, kisha nikakimbilia basi. Nilichokiona zaidi siku ile ni migongo ya wageni wenzangu.

Miaka miwili baadaye nilirudi mwezi Novemba, katikati ya wiki, nikalala siku mbili. Hapo ndipo nilipoufahamu mji. Ikifika saa kumi na mbili jioni mabasi yameondoka, na mitaa inarudi kwa wenyewe. Mtu anapita na baiskeli, kapu la mboga mbele. Nilisimama Rozenhoedkaai, pale mfereji unapokata kona, mahali ambapo mchana huwezi kupata hata nafasi ya kuegemea ukuta. Maji yalikuwa yametulia kabisa, kuta za matofali zimeota kuvu la kijani usawa wa maji. Kengele zikaanza. Mnara wa Belfort una kengele 47, na hulia kila robo saa. Siku ile ya basi zililia pia, bila shaka, lakini sikumbuki kuzisikia hata mara moja.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huo: Bruges ni mji wa kulala. Kama huna nafasi ya kulala, ni afadhali uahirishe mpaka uipate.

Kuna jambo jingine linalofanya nisisitize hivi. Uzuri wa Bruges una historia ya uchungu, na historia hiyo haielezeki kwa haraka. Mwaka 1134 dhoruba kubwa ilichimba mlango wa bahari uitwao Zwin, na Bruges, iliyokuwa mbali kidogo na pwani, ikapata njia ya meli. Ikatajirika. Sufu kutoka Uingereza, viungo, hariri, mabenki ya Waitaliano, yote yalipita hapa. Neno la Kifaransa la soko la hisa, bourse, linahusishwa na nyumba ya wageni ya ukoo wa Van der Beurze, ambako wafanyabiashara walikutana kupatana bei. Halafu Zwin ikaanza kujaa mchanga. Meli kubwa zikashindwa kuingia, wafanyabiashara wakahamia Antwerp, na Bruges ikabaki maskini kwa karne kadhaa. Pesa za kubomoa na kujenga upya hazikuwepo, basi nyumba zikabaki. Kile tunachokipiga picha leo ni mji uliosahauliwa, na mwaka 2000 kitovu chake chote cha kale kiliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO.

Hata bata maji wana kisa chao. Mwaka 1488 wenyeji walimfungia mtawala wao, Maximilian wa Austria, kwenye nyumba moja pale uwanja wa Markt, na wakamkata kichwa mtu wake aliyeitwa Pieter Lanchals. Jina hilo linafanana na neno lao la "shingo ndefu". Masimulizi yanasema Maximilian alipopata nguvu tena aliuadhibu mji: mtawafuga ndege wenye shingo ndefu kwenye mifereji yenu milele. Ni ngano, lakini bata maji wapo, weupe, wengi, karibu na Begijnhof, makazi ya kale ya wanawake wacha Mungu.

Begijnhof yenyewe, iliyoanzishwa 1245, nenda asubuhi mapema. Ni nyumba nyeupe zimezunguka kiwanja chenye miti, na masista wa Kibenedikto wanaishi humo. Unaombwa ukae kimya. Mwisho wa Machi maua ya manjano huanza kuchanua chini ya miti ile.

Mnara una ngazi 366, zinazidi kuwa nyembamba kadiri unavyopanda. Mwenye shida ya magoti abaki chini bila kujilaumu. Kwenye kanisa la Onze-Lieve-Vrouw kuna Bikira Maria na Mtoto, kazi ya Michelangelo, sanamu iliyoibwa mara mbili, na Wafaransa 1794 na Wajerumani 1944, na mara zote ikarudi. Makumbusho mengi hufungwa Jumatatu, kwa hiyo usiifanye Jumatatu kuwa siku yako kuu.

Mimi lakini kilichonishika zaidi ni lesi. Kwenye kituo chao cha lesi, Kantcentrum, wanawake wanaifuma kwa mkono mbele yako. Mto wa kufumia umejaa pini, nyuzi zimefungwa kwenye vijiti vya mbao, vidole vinavivusha vijiti huku na huku, vinagongana taratibu kama mvua inayoanza kudondoka. Mama mmoja alikuwa anafuma huku anazungumza na jirani yake, macho hayako kwenye kazi kabisa. Nilimwona bibi yangu Ujiji, anasuka mkeka wa ukindu na habari za mtaa mzima ziko mdomoni. Nilikaa pale zaidi ya saa moja. Basi lisingeningoja.

Na kuna safari moja fupi ambayo nadhani Mswahili akiwa Bruges asiikose. Panda treni ya Blankenberge, kama robo saa hivi, ushuke ufukweni. Pale kuna mnara wa kumbukumbu wa mwaka 1900, wanajeshi wawili, mmoja amemshika mwenzake. Ni Lippens na De Bruyne, watu wa Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Waliuawa Kasongo mwezi Desemba 1892, Dola hiyo ikiwa vitani na Sefu, mtoto wa Hamed bin Muhammed tunayemjua kama Tippu Tip, wao wakiwa mateka wake. De Bruyne alikuwa kijana wa hapohapo Blankenberge.

Kasongo iko Maniema, mashariki mwa Kongo, na Kiswahili kinazungumzwa huko mpaka leo. Misafara ya kwenda huko ilipitia kwetu Ujiji, ikavuka ziwa. Bibi yangu niliyemtaja ni Mmanyema, kama walivyo wengi pale mtaani. Kwa hiyo nilisimama mbele ya sanamu ile, upepo wa bahari unanipiga masikioni, nikiwafikiria wazee wake: waliobebeshwa pembe za ndovu na misafara ya Tippu Tip, waliotiwa utumwani, na waliobaki Maniema wakaangukia mikononi mwa Leopold. Vita ile iliua watu wengi. Sanamu ni ya hao wawili.

Sikuondoka na hasira. Niliondoka nikitaka dada yangu naye asimame pale.

Basi nimemwandikia hivi. Jumanne jioni tunafika. Kwenye vituo mji umeandikwa Brugge, asije akababaika. Alete begi dogo, maana magurudumu yanateseka kwenye zile barabara za mawe. Jumatano ni ya mji: Begijnhof asubuhi, boti nusu saa, mchana lesi, jioni kutembea bila ratiba. Alhamisi Blankenberge, kisha nyumbani. Amekubali. Ameuliza tu kama bibi anaweza kupigiwa simu ya video tukiwa pale kwenye sanamu, na nimemwambia aweke bando la kutosha, na Kigoma mtu akae na bibi kumshikia simu.