Nani anayeomboleza katika "Who Wants to Live Forever"?

Wengi wetu Zanzibar huusikiliza wimbo wa "Who Wants to Live Forever" wa bendi ya Queen kama wasia wa Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Kwa usikilizaji huo, nguvu ya wimbo inatokana na kifo cha mwimbaji. Hoja hiyo ina uzito wake, lakini naona inaupunja wimbo wenyewe.

Wimbo ulitungwa na mpiga gitaa Brian May kwa ajili ya filamu ya Highlander, ukatoka mwaka 1986. Filamu hiyo inamhusu mtu wa Uskoti asiyekufa, ambaye hubaki kijana huku mkewe akizeeka hadi kumfia mikononi. Mercury alifariki tarehe 24 Novemba 1991, siku moja baada ya kutangaza kwamba ana UKIMWI. Kati ya wimbo na msiba ipo miaka mitano, na mtunzi hakuwa yeye. Anayeuita wasia anazisoma tarehe kinyumenyume.

Hata hivyo, wanaoutetea usikilizaji huo wana la kusema. Wimbo hubebwa na koo la mtu, na koo hilo likishanyamaza, kila pumzi iliyosalia katika rekodi hupata maana ambayo mtunzi hakuipanga. Wapenzi wa taarabu wanalijua jambo hili: rekodi za Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, hazisikiki leo kama zilivyosikika alipokuwa bado anapanda jukwaani, ingawa hakuna neno lililobadilika. Tena upo "The Show Must Go On" wa mwaka 1991, ambao May aliuandika kwa sehemu kubwa akiijua hali ya mwenzake. Humo ugonjwa umo ndani ya utungo, na kuutenganisha na mwimbaji ni kujitia uziwi.

Wimbo wa 1986 ni wa namna nyingine, kwa sababu majonzi yake ni ya anayebaki. May mwenyewe ndiye anayeimba ubeti wa kwanza, kwa sauti nyembamba na ala chache. Kisha Mercury anapokea, okestra inapanda taratibu, ngoma zinaingia, na swali lilelile la nani atakaye kuishi milele linarudiwa kwa nguvu zaidi bila kujibiwa. Wanaousikia kama kilio cha Mercury peke yake husahau kwamba mlango wa huzuni ulifunguliwa na sauti ya mtu mwingine. Kwa aliyelelewa katika chuo cha Kurani, swali hilo lina jibu tangu zamani, kwamba kila nafsi itaonja mauti, na bado wimbo unamgusa. Basi kinachouma si kukosa jibu.

Tunacho pia kipimo chetu. Katika utenzi wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anausuta moyo wake mbele ya magofu ya mji wa Pate, nasi hatuhitaji kujua yeye alikufaje ili tutikisike. Mtu anaweza kunijibu kwamba utenzi huo nao unaegemea historia, kwani magofu hayamlizi asiyejua fahari iliyotangulia. Ni kweli, lakini fahari hiyo, pamoja na taa zake na wenye majumba yake, imo ndani ya beti zenyewe, na msomaji haendi kuitafuta nje. Ugonjwa wa Mercury haumo katika wimbo wa 1986. Tunautia sisi.

Wapo watakaolitaja tamasha la kumkumbuka, lililofanyika Uwanja wa Wembley tarehe 20 Aprili 1992, ambapo Seal aliuimba wimbo huu pamoja na wenzake Mercury waliobaki. Sitaki kulitumia kama ushahidi kamili, kwa kuwa uwanja mzima ulikuwa katika msiba na haiwezekani kupima nini kilitokana na wimbo na nini na marehemu. Lakini siku hiyo maneno yaliimbwa na walioachwa, kama yalivyokuwa katika filamu, ambamo ni majonzi ya mume aliyefiwa na mke.