Hela Ikishatumwa kwa Tapeli, Hasara ni ya Nani?

“Hiyo hela itume kwenye namba hii, jina litakuja…” Ni vigumu kumpata mwenye simu Tanzania ambaye hajawahi kupokea ujumbe wa namna hii, na wengi wetu tumeshauzoea kiasi cha kuufuta bila kuusoma wote. Lakini ujumbe huo haukuandikwa kwa ajili ya wengi wetu. Unatumwa kwa watu wengi ili umfikie mmoja ambaye, saa hiyo hiyo, ameahidi kumtumia mtu pesa: mzazi anayedaiwa ada, mpangaji anayesubiriwa na mwenye nyumba, fundi aliyeagiza vifaa kutoka mkoa mwingine. Kwa huyo mmoja ujumbe unafika kama jibu la jambo alilokuwa akilingoja, wala haufanani na utapeli. Ndiyo maana naona ni kosa kuueleza wizi huu kwa kusema tu kwamba watu hawana elimu.

Uhalifu wa mtandaoni umebadili mlango. Mei 2017, virusi vya WannaCry vilipofunga kompyuta katika nchi zaidi ya 150, hospitali za Uingereza zikiwemo, vilipenya kwenye ufa wa Windows ambao Microsoft ilikuwa imeshautolea kiraka, yaani marekebisho ya programu, Machi mwaka huo. Aliyekiweka mapema alisalimika. Mashambulizi ya aina hiyo hayajaisha. Hata hivyo, kwa mwananchi wa kawaida ambaye benki yake ni simu, mlango unaogongwa kila siku ni yeye mwenyewe: anabembelezwa, anaharakishwa, anatishwa, mpaka anabonyeza namba ya siri kwa kidole chake. Mfumo unabaki mzima kabisa, na pesa imekwenda.

Jirani yangu mmoja, mama anayekaanga samaki, alipokea ujumbe Jumamosi jioni uliosema ameingiziwa shilingi 180,000. Simu yake ni kitochi. Kioo kinaonyesha mistari michache tu, na hakutazama kwamba ujumbe umetoka kwenye namba ya kawaida. Dakika mbili baadaye kijana akapiga: “Shikamoo mama. Nimekosea namba, hiyo ni hela ya dawa ya mtoto, nakuomba mama yangu.” Mikono ya mama ilikuwa na mafuta, akaifuta kwenye kanga akatuma. Jina lililokuja kabla ya kuthibitisha lilikuwa la mwanamke, akadhani kijana anatumia laini ya mkewe. Alipoangalia salio aligundua kwamba hakuna kilichoingia, na kilichotoka ni mtaji wake. Alipiga huduma kwa wateja dakika ishirini baada ya kutuma. Pesa ilikuwa imeshatolewa kwa wakala, na akaambiwa kwa adabu kwamba muamala aliufanya mwenyewe kwa namba yake ya siri. Wiki tatu baadaye tulipoipiga ile namba, iliita.

Jibu alilopewa si la kikatili kama linavyosikika, na wanaolitetea wana hoja ambazo lazima zipimwe. Namba ya siri ndiyo saini ya mteja. Ikiwa kila aliyetia saini anaweza kuikana kesho, hakuna muamala utakaokuwa wa mwisho, na muuza duka aliyepokea malipo halali hatakuwa na uhakika wa pesa yake. Pia, fidia ikiwa rahisi, yenyewe itageuka mradi: watu wawili wanakubaliana, mmoja anatuma, mwingine anatoa, kisha aliyetuma analia kwamba ametapeliwa. Kubwa zaidi ni gharama. Kampuni haitailipa kutoka hewani. Itaiweka kwenye makato, na makato yanamuumiza kwanza anayetuma shilingi elfu tano. Tulishaona Julai 2021, tozo ya Serikali kwenye miamala ya simu ilipoanza Tanzania, jinsi watu walivyorudi kubeba pesa taslimu, mpaka tozo hiyo ikapunguzwa kwa asilimia 30 Septemba ya mwaka huo huo. Anayependekeza fidia bila kusema nani atailipa hajamaliza hoja yake.

Hata hivyo, hoja hizo zote zinasimama juu ya dhana moja, kwamba mteja ndiye mtu wa mwisho aliyeweza kuuzuia wizi. Mimi sioni hivyo. Uangalifu una kikomo hata kwa waliosoma. Mwaka 2024 ilifahamika kwamba mfanyakazi wa idara ya fedha wa kampuni ya uhandisi ya Arup, huko Hong Kong, alihamisha takribani dola milioni 25 baada ya mkutano wa video ambamo sura na sauti za wakubwa wake zilikuwa zimetengenezwa kwa akili mnemba. Kama huyo alidanganywa macho kwa macho, tunamdai nini mama mwenye mafuta mikononi?

Isitoshe, lile jina la mwanamke lililokuja kwenye kitochi lina maana kubwa. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Tanzania Mei 2019, na laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zikaanza kufungwa baada ya tarehe 20 Januari 2020. Lengo lilikuwa kila laini iwe na mwenyewe. Lakini anayejua meza za usajili za mitaani anajua pia mchezo wake: msajili anamwambia mteja, hasa mzee, kwamba kidole hakijasoma, aweke tena, na kile kidole cha pili kinasajili laini ambayo mzee hataiona maishani mwake. Siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa mwanamke huyo, lakini laini inayopokea pesa za wizi lazima iwe imesajiliwa na mtu, mahali fulani, chini ya leseni ya kampuni fulani. Vivyo hivyo kwa wizi wa kubadilisha laini, ambao Kenya umeupa jina baya mji mdogo wa Mulot, mpakani mwa Bomet na Narok: simu yako inakatika mtandao ghafla, laini yako inafufuliwa kwenye kadi ya mtu mwingine, na kabla hujafika dukani akaunti imekombwa na mkopo umechukuliwa kwa jina lako. Hapo mteja hakushawishiwa hata kidogo. Kumwambia kwamba alipaswa kuwa makini ni kumwonea.

Tena makampuni yanaona mengi. Ripoti za kila robo mwaka za TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini, zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa mbele kwa majaribio ya ulaghai. Ikiwa majaribio yanaweza kuhesabiwa kwa mkoa, basi na tabia ya laini inaonekana: laini mpya, inapokea kutoka kwa watu wasiofahamiana nayo, na kila kinachoingia kinatolewa ndani ya dakika chache. Namba 15040 ya kuripoti matapeli ni msaada wa kweli, ila inamtaka raia afanye kazi ambayo kompyuta ya kampuni ingeifanya kabla yake.

Wenzetu wamejaribu njia mbili. Uingereza, tangu tarehe 7 Oktoba 2024, inazilazimisha taasisi za malipo kumrudishia mteja aliyelaghaiwa akatuma mwenyewe, hadi pauni 85,000, na gharama inagawanywa nusu kwa nusu kati ya taasisi iliyotuma na iliyopokea. Anayenyimwa ni aliyeshiriki ulaghai au aliyezembea kupita kiasi. Singapore, kuanzia Desemba 2024, imechagua njia nyembamba kwa wizi wa kurubuni watu watoe siri za akaunti zao kwenye tovuti bandia: wajibu wa benki na wa kampuni ya simu umeandikwa, na asiyetimiza wa kwake ndiye anayelipa, lakini wote wakiwa wametimiza hasara inabaki kwa mteja.

Kwetu naiona njia ya Singapore kuwa bora, kwa sababu fidia ya Uingereza ingeishia kwenye makato ya maskini. Ila ningechukua jambo moja la Waingereza: taasisi inayoipokea pesa ya wizi nayo iwajibike. Sheria iseme kwamba laini iliyobadilishwa haitoi pesa wala mkopo kwa saa 24, na kwamba laini iliyosajiliwa hivi karibuni, ikipokea kutoka kwa mtu ambaye haijawahi kuhusiana naye, fedha hizo hazitolewi kwa wakala kabla ya saa moja kupita. Kampuni iliyozingatia hayo isidaiwe kitu. Iliyoyapuuza ilipe, bila kumwuliza mteja kwa nini aliamini.

Najua kwamba saa hiyo ina bei yake. Thamani yote ya huduma hizi, tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, ni kwamba pesa inafika papo hapo, na mwanafunzi aliyesajili laini juzi atakaa stendi saa nzima akingoja nauli aliyotumiwa na mjomba wake. Ni kero ya kweli. Ningemwomba aivumilie, kwa sababu mama muuza samaki alihitaji dakika ishirini tu.