Kvant Iliyomezwa na Mir

Ukifungua Orbiter, ile programu ya bure ya Martin Schweiger ya kuigiza safari za angani, utaikuta Mir, kituo cha anga cha Wasovieti, bado iko hai, ingawa ya kweli iliteketezwa Machi 23, 2001. Tatizo ni kwamba Mir ya humo inazunguka kwenye bapa lile lile ambalo Dunia inalizungukia Jua, ili iwe kituo kizuri cha kuondokea kwenda Mirihi. Bapa hilo limeinama nyuzi 23.4 tu kutoka ikweta, na Baikonur, uwanja wa kurushia roketi, iko karibu nyuzi 46 kaskazini. Ukirusha Soyuz, chombo cha kubebea wanaanga, kutoka hapo utalazimika kugeuza njia ukiwa juu, na bili yake ni badiliko la mwendo la kama kilomita 3 kwa sekunde. Soyuz haina hata nusu kilomita ya akiba. Rubani wetu aliruka vizuri, akafika, akatazama huku na huku, akauliza kama Mir imehama.

Basi hamisha Mir kwanza. Tumia kihariri cha senario, chagua ikweta iwe ndiyo kipimo, kisha andika mwinamo 51.6, ule wa Mir ya kweli. Ukiiandika namba hiyo moja kwa moja ndani ya faili, programu itaipima kutoka bapa la Jua, na utarudi kulekule kuuliza Mir iko wapi.

Tulichokuwa tunakitaka ni Aprili 1987, na hasa ule mfuko. Kvant, moduli ya kwanza kuongezwa, tani 11 pamoja na darubini zake za eksirei, iliikosa Mir Aprili 5 ikapita pembeni umbali wa kama mita 10. Aprili 9 ikagusa mlango wa nyuma, lakini likabaki pengo la sentimita chache na kulabu zikagoma kufunga. Aprili 11 Yuri Romanenko na Aleksandr Laveikin wakatoka nje kuchungulia, wakakuta mfuko wa taka umebanwa katikati. Wakaung'oa, Kvant ikafunga.

Kwenye Orbiter mfuko hauwezi kubanwa, maana vyombo havigongani. Kimoja hupita ndani ya kingine kama jini ukutani. Dawa ni kuufanya mfuko nao uwe chombo: kilo 5, milango miwili ya kuungia, mmoja kwenye 0 0 0.02, wa pili kwenye 0 0 -0.02. Unene sentimita 4. Mfuko unaunga Mir, Kvant inaunga mfuko, na pengo lako hilo hapo.

Milango huandikwa kwenye faili ya cfg, yaani ya mipangilio ya chombo, kati ya BEGIN_DOCKLIST na END_DOCKLIST, kila mmoja kwa namba tisa: tatu za mahali ulipo, tatu za upande unaotazama, tatu za kuonyesha juu ni wapi. Namba ya tatu katika kila kundi ni Z: Z ni mbele, na yenye alama ya kutoa ni nyuma. Mir ina urefu wa mita 13.13, na kipimo huanzia katikati yake, kwa hiyo mlango wa nyuma unasomeka hivi:

0 0 -6.56 0 0 -1 0 1 0

Wa kwetu ulisomeka hivi:

0 0 -6.56 0 0 1 0 1 0

Alama moja ya kutoa haipo. Mlango uko nyuma, ila unatazama ndani ya kituo.

Mfuko ulipounga hatukuuona tena. Mfuko wenyewe ni mdogo, tukasema umebanwa barabara, tukapongezana.

Ikaja Kvant. Chombo cha kuongozea kikamwambia rubani aingilie kwa mbele. Yeye ni mtu wa vipimo, haangalii dirishani. Msalaba uko katikati, mwendo sentimita 10 kwa sekunde, anashuka na namba tu. Kvant ikaingia puani mwa Mir, ikapita kwenye vyumba vya kulala vya wanaanga, ikapita juu ya meza ya chakula, zaidi ya dakika 2 za kukatiza sebuleni kwa watu, ikaunga ukuta wa nyuma. Hata angetazama nje asingeona kitu, kwa sababu kuta za modeli huchorwa upande wa nje tu. Ukiwa ndani unaona nyota.

Tukautoa mfuko, Kvant ikaunga upya bila pengo. Kila kitu sawa kama historia. Ikafuata Progress, chombo cha mizigo kisicho na rubani, ikapita njia ile ile, ikaunga mkia wa Kvant. Progress za miaka hiyo hazikuwa na mabawa ya jua, kwa hiyo hakikubaki hata kipande cha kuchomoza. Kvant ni karibu mita 6, Progress ni 7 na ushee: Mir ilijaa hadi kooni.

Kvant ikishaunga nyuma, injini kubwa za Mir zinazibwa, na kazi ya kupandisha mzingo huachiwa Progress. Rubani akaelekeza pua ya Mir mbele, akawasha.

"Mkuu, tunashuka."

"Ongeza moto."

Akaongeza. Kwenye mzingo wa aina hiyo, kila mita 1 kwa sekunde unayopoteza inashusha upande wa pili kwa kama kilomita 3.5, na yeye alikuwa anazipoteza kwa bidii. Ndipo mmoja wetu akabonyeza F1 kuangalia kwa nje. Kituo kiko peke yake, hakina Kvant wala Progress, ubavu wake unamemeteka mistari kama pundamilia kwa sababu kuta mbili za kipenyo kimoja zinagombea nafasi moja, na puani unatoka mwali wa moto.

"Kvant iko wapi?"

"Si imeunga."

"Imeunga wapi?"

"Ndani."

Tiba haikuhitaji kuvunja chochote. Hifadhi senario, rudisha ile alama ya kutoa kwenye cfg, fungua upya. Programu husoma DOCKINFO, mstari unaosema nani ameunga mlango upi, na kupanga vyombo kufuata milango, hivyo Kvant na Progress zikaruka nje zenyewe, zikakaa mkiani.

Rubani akabonyeza F3 achague Progress aanze kupandisha upya. Akashika usukani, akawasha, akangoja, akawasha tena.

"Injini haziitiki kabisa."

"Soma jina la chombo hapo juu."

"Mfuko."