Mpira Kaugusa Nani?

Watoto thelathini wako uwanjani, fulana mpya za rangi moja, bango limefungwa golini, spika zinapiga muziki, na mgeni rasmi keshapiga mkwaju wa kwanza. Ukipita Malindi, mji wa pwani ya Kenya, siku kama hiyo utasema watoto wenye ulemavu wamepata soka lao. Sasa chukua daftari na kalamu. Chagua mtoto mmoja aliye pembeni, mfuate kwa macho dakika kumi, na upige mstari mdogo kila anapougusa mpira. Kisha mchague wa pili. Ukurasa ukibaki mweupe, watoto hao hawakucheza. Walisimamishwa uwanjani.

Nionavyo mimi, soka jumuishi lina kipimo kimoja kinachozidi vyote: mpira umeguswa na nani, na mara ngapi. Idadi ya waliohudhuria ni ya kuandikia ripoti. Mtoto hukumbuka pasi.

Kosa kubwa linalofanywa kwa nia njema ni kuwatia wote katika mechi moja kwa sheria moja. Asiyesikia anakimbia na kupiga chenga kama mwenzake yeyote; anachohitaji ni refa mwenye kibendera, kwa sababu kipenga hakimfikii. Mwenye mtindio wa ubongo anahitaji nafasi na sekunde mbili zaidi za kuutuliza mpira. Asiyeona anahitaji kimya. Spika za bonanza peke yake zinatosha kumtoa mchezoni, kwani mpira wake anauona kwa sikio. Ukiwachanganya hawa watatu, anayebaki na mpira ni yule mwenye mbio.

Soka la wasioona lina sheria zake kamili, na limo kwenye Michezo ya Paralimpiki tangu Athens 2004. Brazil ilitwaa dhahabu mara tano mfululizo, hadi Ufaransa ilipoichukua Paris mwaka 2024. Kiwanja ni mita 40 kwa 20. Wachezaji wanne wasio makipa wote hufunikwa macho, ili anayeona kidogo asimpite asiyeona kabisa, na kipa ni mtu anayeona. Pembeni husimamishwa mbao zenye kimo cha kama mita moja, zinazorudisha mpira mchezoni na kumjulisha mchezaji mpaka ulipo. Anayeuendea mpira sharti aseme "voy", neno la Kihispania la "naenda", na asiposema ni faulo. Sauti za kuongoza nazo zimegawanywa: kipa huongoza nyuma, kocha katikati, na mwongozaji aliye nyuma ya goli la wapinzani huongoza washambuliaji. Wakisema wote kwa pamoja, mchezaji husimama kama aliyepotea sokoni. Kwa mazoezi ya hapa kwetu, "naja!" inatosha, mradi wote waitumie hiyo hiyo na waiseme mapema, si wakati magoti yameshagongana.

Mpira wenyewe hulia ndani ukibingirika, ili usikike, na una mzingo wa sentimita 60 hadi 62 na uzito wa gramu 510 hadi 540, yaani ni mdogo na mzito kuliko ule wa kawaida wa saizi 5, wenye sentimita 68 hadi 70 na gramu 410 hadi 450. Uzito huo una sababu: mpira usidunde, ubaki chini karibu na mguu. Ukiukosa, fundi viatu anaweza kukutengenezea wa mazoezi. Afungue mshono wa mpira mkuukuu wa saizi 4, atie njuga nne hadi sita ndogo kati ya ngozi na kibofu, kila moja imezungushiwa kitambaa chembamba, kisha ashone. Njuga zikae mbalimbali kuzunguka mpira. Zikirundikana upande mmoja mpira utakwenda upogo, na utanyamaza upande mzito ukilala chini. Zikikosa kitambaa zitatoboa kibofu, na kitambaa kikiwa kinene zitakuwa bubu. Zamani watu waliuvisha mpira mfuko wa plastiki ili uchakarike, lakini mifuko hiyo imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017. Gunia la nailoni huchakarika kidogo, ila huuburuza mpira.

Hata mpira mzuri wa njuga hauna faida kwenye mchanga. Hulia ukiwa unabingirika tu; kwenye mchanga mwepesi hukwama, ukanyamaza, na watoto wanne wakabaki kuupapasa kwa miguu. Ongeza mawimbi na upepo wa kusi unaokula sauti. Kwa hiyo wasioona wasipelekwe ufuoni. Watafutieni sakafu ya saruji ya shule, iliyozungukwa na majengo, saa ambayo madarasa hayana watu. Mbao za pembeni zikikosekana, wasimame watu wazima kila baada ya mita nne wakiwa wamenyoosha mikono, waseme "ukuta" mchezaji akikaribia. Mabati yasitumike. Ukingo wake ni wembe.

Wengine, ufuo wa Malindi ni neema kwao. Mto Sabaki unamwaga udongo wake baharini kaskazini ya mji, na udongo huo umeupanua ufuo ukawa tambarare. Maji yakipwa, mchanga uliolowa huwa mgumu kiasi cha kubeba ncha ya gongo la mwenye mguu mmoja, na akianguka mtoto haumii kama kwenye kokoto. Tatizo ni saa. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hukupwa kabisa kama saa nne au saa tano asubuhi, jua likiwa tayari kali, na ifikapo alasiri bahari imejaa. Kupwa huchelewa kama dakika 50 kila siku. Kwa hiyo siku ya nne au ya tano baada ya bamvua maji hutoka kama saa nane au saa tisa mchana, na mchanga mgumu utaupata hadi saa kumi na nusu hivi. Ukingoja zaidi unaingia kwenye maji mafu, ambapo bahari haitoki sana na kiwanja kinakuwa chembamba. Wavuvi wanajua haya bila kutazama karatasi. Waulizwe kabla ya kutangaza ratiba. Ratiba ya "kila Jumamosi saa kumi ufuoni" imeandikwa na mtu asiyeitazama bahari.

Wanaocheza kwa magongo hucheza saba kwa saba, kiwanja cha mita 60 kwa 40, bila ofsaidi. Wachezaji wasio makipa wana mguu mmoja wa kuchezea, na kipa ana mkono mmoja. Gongo likigusa mpira kwa makusudi huhesabiwa kama mkono. Bara letu lina bingwa wa kujivunia hapa, maana Angola ilitwaa Kombe la Dunia la mchezo huu mwaka 2018. La kuangalia zaidi ni aina ya gongo. Magongo ya kwapani ni ya kutembelea. Mtoto akiyaegemea kwa kwapa huku akikimbia, mshipa wa fahamu hubanwa na mkono hufa ganzi. Ya kuchezea ni yale yanayoshika mkono chini ya kiwiko. Na raba ya chini ikaguliwe kila siku ya mazoezi, kwani ikiisha chuma huteleza kwenye saruji.

Viti vya magurudumu havifai mchangani, hata ukiwa mgumu. Vyao ni saruji, mpira mkubwa zaidi, na kiwanja chao wenyewe, kwa sababu kikanyagio cha kiti hugonga vifundo vya wanaokimbia.

Sasa mechi ya mchanganyiko wa kweli, wenye ulemavu wa akili na wasio nao. Mfumo wa Special Olympics, shirika la michezo ya wenye ulemavu wa akili, wa timu za watano unataka wanamichezo watatu wenye ulemavu wa akili na wenza wawili wasio nao. Uwiano huo ni mzuri, lakini huharibika mara moja mwenza akiwa nyota wa mtaa. Atapiga chenga wote, atafunga manne, na watu watashangilia. Mwenza awe wa umri mmoja na uwezo unaokaribiana na wenzake. Nami ningeongeza sheria mbili za nyumbani: bao la mwenza halihesabiwi ila pasi ya mwisho imetoka kwa mwanamichezo, na mwenza asishike mpira zaidi ya miguso mitatu. Mpira upunguzwe upepo kidogo usikimbie mbali. Mpira wa kurusha ubingirishwe chini kwa mkono mmoja, kama sheria za soka la wenye mtindio wa ubongo zinavyoruhusu. Anayebanwa sana atengewe ukanda wa mita tano pembeni, wapinzani wasiingie humo.

Kabla ya haya yote, kila mtoto awe na kadi iliyojazwa na mzazi: dawa gani, saa ngapi, ana kifafa, anaogopa nini. Mwenye ulemavu wa Down asipige kichwa mpaka daktari aikague shingo, kwa maana pingili mbili za juu zinaweza kuwa legevu. Akilalamika shingo, au mwendo wake ukibadilika ghafla, mazoezi yakome hapo hapo. Kifafa kikimshika mtoto, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu, tazama saa. Usimtie kijiko mdomoni wala kumnusisha kiatu. Ikipita dakika tano, hospitali. Mwenye ualbino acheze jua likishuka, mikono mirefu na kofia, kwa mpira wa rangi inayoonekana juu ya mchanga.

Viziwi nitawasemea kwa ufupi kwa sababu mahitaji yao ni mepesi na ndiyo yanayopuuzwa zaidi. Refa apunge bendera, na kila mchezaji anayeiona ainue mkono na kusimama, ili habari ienee. Kocha ajifunze angalau ishara ishirini za Lugha ya Ishara ya Kenya, na asizungumze huku ametazama ubaoni.

Muda nao hutoa watoto uwanjani bila kelele. Wengi wako chuoni, yaani madrasa, alasiri. Ratiba isiyoheshimu chuo itawapata walewale watano. Wasichana hawaji pasipo mama au dada anayefundisha, na buibui si kikwazo kama mahali pa kubadilishia nguo pana mlango. Bodaboda haimfai mtoto asiyeweza kushikilia kiwiliwili chake. Tuktuk moja huchukua watatu, kwa hiyo familia za mtaa mmoja wa Maweni au Muyeye zipangwe pamoja. Fedha za fulana na bango zingelipa tuktuk hizo wiki nyingi, na hapa sina subira na wanaonijibu kwamba mfadhili anataka picha.

Lile daftari apewe mama anayengoja pembeni. Huyo hatakosa kumtazama mtoto. Wapewe wanne, kila mmoja afuatilie mtoto wa mwenzake asije akapendelea, na wakati wa mapumziko kocha azisome karatasi kabla hajasema lolote. Mtoto mwenye mistari miwili anabadilishiwa nafasi au anatengewa ukanda. Timu yenye mchezaji mmoja mwenye nusu ya miguso yote inapunguziwa miguso. Kisha kipindi cha pili kianze, na akina mama waendelee kuhesabu.