Ng'ombe Hawakuwepo

Wadau, kabla hamjaendelea kunitumia zile stika: ng'ombe hawakuwepo. Mwenzangu aliyewaambia kwenye kundi kwamba nilikurupushwa na ng'ombe nikiwa na boksa ni mzushi. Walikuwa mbuzi. Na sikukimbia, ningekimbiaje?

Tulikuwa Kigoma, kwenye lava za Gagwe, zile zilizoandikiwa utafiti 1995 kuhusu jinsi Gondwana, lile bara kubwa la kale, ilivyoungana. Lava ikipoa chini ya nyuzi 580 za Selsiasi, magnetaiti, madini ya chuma yenye usumaku yaliyomo, hushika uelekeo wa sumaku ya dunia wa wakati huo na kukaa nao. Uelekeo ukiwa bapa, mwamba ulizaliwa karibu na ikweta. Ukisimama wima, karibu na ncha ya dunia. (Longitudo hauisemi, msiniulize.)

Sasa dira na chuma haviivi chungu kimoja. Kiongozi akaamuru: funguo, simu, mikanda, vyote garini. Suruali yenyewe nimeazima kwa kaka, na kaka ana kiuno cha mtu aliyeoa.

Nikashika mashine ya kutobolea mwamba tupate kipande cha sampuli, mwenzangu akawa anapampu maji ya kupoza. Ukiyumba tu, kipande kinakatikia ndani ya tundu. Mashine ikaanza kutetemeka, nami nikatetemeka nayo, na suruali nayo ikasikia wito. Ikapita nyonga. Nikapanua miguu kuizuia, ikasita kidogo, nikapumua. Kupumua ndiko kulikoniponza. Ikashuka hadi magotini, polepole, kama inanionea huruma. Boksa ni ile ya maua, mpira umelegea tangu mwaka juzi. Mnaonijua mnaijua.

Ndipo akatokea bibi mmoja na mbuzi zake, na wajukuu nyuma. Mikono yote iko kwenye mashine. Nifanyeje? Nikapaza sauti: "Shikamoo bibi!"

"Marahaba mwanangu. Vaa kwanza."

Mwenzangu akaanguka kwa kicheko, pampu ikasimama, tope la kijivu likaanza kukauka kwenye tundu. Nikapiga kelele: "Maji! Maji!" Bibi akageukia wajukuu: "Masikini, anaumwa. Mpeni kidumu."

Mtoto akanimwagia mgongoni.

Basi, kipande kikatoka kizima, tukakipima kwa dira, bibi akatuuzia mihogo, tukaondoka. Kwenye daftari la kambi sampuli ile inaitwa BOKSA 1, na kiongozi amekataa kabisa kubadilisha.