Mpangaji wa bumu Malimbe: apokewe au akataliwe?

Ikifika Oktoba na Novemba, mitaa ya Malimbe, Nyegezi na Mkolani jijini Mwanza hujaa vijana wenye mabegi wakitafuta geto. Hosteli za Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino hazitoshi wote, kwa hiyo dalali huwapitisha nyumba kwa nyumba. Kabla ya kutaja bei, mwenye nyumba huuliza kwanza kodi atalipa nani. Akiambiwa mzazi, mazungumzo yanaendelea. Akiambiwa bumu, yaani fedha za mkopo wa Serikali kwa mwanafunzi, wapo wanaojibu kwamba chumba kimeshapata mtu.

Jambo hili linastahili kupimwa kwa utulivu, kwa sababu pande zote mbili zina hoja nzito na anayeumia ni kijana aliyetoka mbali kuja kusoma.

Bumu ni fedha za chakula na malazi ambazo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu humpa mwanafunzi mwenyewe, tofauti na ada inayokwenda chuoni moja kwa moja. Bodi iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na mwaka 2022 kiwango cha fedha hizo kilipanda kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Ni mkopo, hilo lisisahaulike. Akipata ajira atakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe. Wengi tunakumbuka Mei Mosi ya 2021 hapa Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza kuifuta tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mikopo hiyo. Lakini kwa mwenye nyumba, habari za miaka ijayo ziko mbali. Anachokiona ni mpangaji ambaye kodi yake inategemea Serikali, na anajiuliza kama amfungulie mlango.

Tuanze na mwenye nyumba, maana mara nyingi huhukumiwa haraka.

Nyumba nyingi za kupangisha Malimbe na Nyegezi hazikujengwa na matajiri. Zimejengwa na mwalimu, muuguzi, mvuvi aliyeuza mtumbwi, au mama aliyekopa kwenye kikoba akaanza na vyumba viwili, na vingine akaongeza kila alipopata. Kodi ya vyumba vile ndiyo ada ya watoto wake, ndiyo marejesho ya kikoba, na ndiyo dawa ya presha. Kodi ya jengo inakatwa kila mwezi kupitia LUKU, umeme wa kulipia kabla, chumba kiwe na mtu au kiwe kitupu. Mtu wa namna hiyo ukimwambia asubiri bumu litoke, unamwomba aikopeshe Serikali bila riba na bila maandishi. Fedha hutoka kwa awamu, na awamu huweza kuchelewa. Kuna mwenye akaunti yenye kasoro, kuna ambaye hajasaini kupokea fedha kwa sababu matokeo yake hayajakamilika, na kuna ambaye rufaa yake ya mkopo bado inashughulikiwa. Siku zote hizo mwenye nyumba anasikia neno moja tu: "Mama, halijatoka."

Kuna na jambo la pili, ambalo wenye nyumba hulisema kwa sauti ya chini. Awamu ya bumu ikitoka, inatoka yote kwa mkupuo mikononi mwa kijana wa miaka ishirini ambaye pengine hajawahi kushika laki sita kwa wakati mmoja. Wengi huanza na kodi. Wapo pia wanaoanza na simu, au wanaotuma nyumbani kwa sababu mdogo wao amefukuzwa shule. Huyo wa pili simlaumu hata kidogo. Ila mwenye nyumba hana namna ya kujua anakaribisha yupi, na akikosea, kumtoa mpangaji kwa njia halali kunahitaji muda na mizunguko ya mabaraza ya ardhi na nyumba. Ndiyo maana anataka miezi sita mbele, au mwaka mzima.

Sasa tumgeukie mwanafunzi, na hapa tupige hesabu. Tuseme chumba ni shilingi 60,000 kwa mwezi. Miezi sita ni 360,000. Dalali naye anataka kodi ya mwezi mmoja, hivyo inakuwa 420,000, godoro na jiko havijanunuliwa. Fedha hizo zinatakiwa kabla awamu ya kwanza haijaingia. Mzazi wake ni mkulima wa pamba Kwimba au Magu. Msimu wa kuuza pamba hufunguliwa Mei, na kufikia Novemba fedha zile zimeshakwenda, familia inanunua mbegu na kuhangaikia chakula. Kwa hiyo chuo kinafungua milango wakati ule ule kaya za vijijini zinapokuwa tupu kuliko miezi yote ya mwaka. Kijana anaishia kulala wanne kwenye chumba cha mtu mmoja, au anapanga mbali na kutembea.

Wala tusijidanganye kwamba bumu halitoshi kulipa chumba hicho. Anayepata kiwango kamili ana shilingi 300,000 kwa siku thelathini. Akitoa 60,000, anabaki na 8,000 kwa siku ya kula na mengineyo. Kwa Mwanza, mtu anaishi. Fedha ipo, tatizo ni kwamba inakuja baada ya siku inayotakiwa.

Na hapa ndipo hoja inayonigusa zaidi. Bodi haigawi mikopo kwa bahati nasibu. Vigezo vyake vinawatanguliza yatima, wenye ulemavu, na watoto wa kaya maskini zikiwamo zinazosaidiwa na TASAF. Mwenye nyumba anaposema hapokei wa bumu, kwa nia yake anakwepa usumbufu wa fedha tu, lakini mtu anayebaki nje ya geti ni yatima wa Ukerewe, huku mtoto wa mfanyabiashara wa Makoroboi akipata ufunguo siku hiyo hiyo.

Watu wengi, mazungumzo yakifika hapa, husema dawa ni rahisi: Serikali itenge fedha ya malazi na kumlipa mwenye nyumba moja kwa moja, kama inavyolipa ada. Nililipenda wazo hili kwa muda mrefu na bado lina sehemu moyoni mwangu. Lakini ipo nchi iliyolifanya kwa miaka hamsini hivi, na matokeo yake yanatutaka tufikiri zaidi.

Marekani ina mpango unaoitwa Section 8, uliotokana na sheria ya nyumba ya mwaka 1974. Siku hizi unasaidia zaidi ya kaya milioni mbili kwa hati maalumu (vocha) za kulipia pango. Mpangaji hutafuta nyumba mwenyewe kwa wenye nyumba binafsi, hulipa takribani asilimia 30 ya kipato chake, na kilichobaki mamlaka ya nyumba ya eneo humlipa mwenye nyumba moja kwa moja. Fedha hiyo si mkopo, hairudishwi. Mwenye nyumba hana haja ya kusubiri mtu asaini wala kuogopa fedha kuishia kwenye simu. Kwa hesabu za Malimbe, wenye nyumba wangegombania wapangaji wa aina hiyo.

Kumbe sivyo. Utafiti wa taasisi ya Urban Institute uliotolewa mwaka 2018 uliwapigia simu wenye nyumba katika miji mitano. Fort Worth, jimboni Texas, asilimia 78 walikataa hati hizo. Los Angeles walikataa asilimia 76, Philadelphia 67, Newark 31, na Washington 15. Wanaokataa hutoa sababu zinazoeleweka: nyumba lazima ikaguliwe na kufikia viwango kabla malipo hayajaanza, ukaguzi huchukua muda huku chumba kikiwa kitupu, na karatasi ni nyingi. Chini ya sababu hizo kuna nyingine isiyosemwa wazi, nayo ni dhana kwamba anayesaidiwa na Serikali ni mtu wa matatizo. Mwenye hati naye hupewa muda wa kutafuta, siku zisizopungua 60, na asipopata nyumba wala kuongezewa muda, hati inarudi kwa mamlaka.

Wapo pia wenye nyumba Wamarekani wanaowatafuta wapangaji hao kwa makusudi, hasa kwenye mitaa ya kodi nafuu, kwa sababu hundi ya Serikali haiyumbi hata mpangaji akipoteza kazi. Kwa hiyo fedha ni ile ile, Serikali ni ile ile, mmoja anaikimbia na mwingine anaitafuta.

Nikiuleta mfano huo Mwanza, naona mambo mawili yatakayotokea. La kwanza ni ukaguzi. Serikali haiwezi kulipia vyumba bila kujua inalipia nini, na ikianza kukagua, itapanda mpaka Bugarika, ambako wanafunzi wa afya wa Bugando hupanga vyumba vilivyojengwa juu ya mawe, maji yanapandishwa kwa ndoo na choo kimoja kinahudumia milango sita. Vyumba vingi vya huko havitapita. Je, tutakuwa tumemwokoa mwanafunzi kutoka kwenye chumba kibaya, au tumemfungia chumba pekee anachokimudu? Sioni jibu jepesi. Choo kimoja kwa milango sita ni hatari kwa afya, hasa mji wetu unaojua kipindupindu ni nini. Lakini ukikifunga leo bila kujenga kingine, kijana anarudi kulala wanne.

La pili ni kodi ya mapato. Taasisi inapolipa pango hukata asilimia 10 ya kodi ya zuio. Mwenye nyumba anayelipwa mkononi leo ataona 60,000 yake imekuwa 54,000, na jina lake limeingia kwenye kumbukumbu za Mamlaka ya Mapato, TRA. Kisheria anapaswa kulipa hata sasa, na siwezi kutetea kukwepa kodi. Nasema tu kwamba ataongeza bei au atakataa, na gharama itamrudia mpangaji.

Wengine watasema basi itungwe sheria ya kukataza kubagua. Uingereza, mwezi Julai 2020, mahakama ya York iliamua kwamba kumkataa mtu kwa sababu tu anapokea posho ya nyumba ni ubaguzi kinyume cha sheria ya usawa, kwa kuwa wanaoumizwa zaidi na ukatazaji huo ni wanawake na wenye ulemavu. Hoja hiyo inafanana sana na ya yatima wa Ukerewe, na naiona ni ya haki. Lakini rudi kwenye zile namba za Marekani. Newark, Washington na Philadelphia zote zilikuwa na sheria ya kukataza kumkataa mpangaji kwa chanzo cha kipato chake, na bado Philadelphia wenye nyumba wengi walikataa. Karatasi peke yake haikumfungua mtu mlango. Hapa kwetu Tanzania, sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo bei na muda wa malipo hutegemea nguvu ya mwenye chumba. Kutunga katazo ambalo mwenyekiti wa mtaa hawezi kulisimamia kutawafanya wenye nyumba wawe waangalifu wa maneno tu. Chumba "kitakuwa kimeshapata mtu."

Nikipima yote, nasimama upande wa kumpokea. Simtaki mama wa Malimbe awe taasisi ya hisani. Ninachomwomba ni kutenganisha mtu na ratiba. Mpangaji wa bumu si mdaiwa sugu kwa kuzaliwa; ana fedha inayojulikana kiasi chake, inayokuja kwa awamu. Mkataba unaweza kufuata awamu hizo: mwezi mmoja wakati wa kuingia, kisha kila awamu ikitoka analipa miezi inayolingana nayo, kwa maandishi, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na mdhamini mmoja anayejulikana. Hasara ikitokea, itakuwa ya miezi michache. Anayedai mwaka mzima anawachuja maskini, na uaminifu wa mtu haujui, maana mtoto wa tajiri naye huvunja vioo.

Bodi na vyuo, kwa upande wao, wana deni kubwa kuliko mwenye nyumba. Wanafunzi wanajulikana wiki kadhaa kabla ya kufungua. Sehemu ya malazi ya awamu ya kwanza ingeweza kuingia kabla kijana hajapanda basi kutoka Ngudu, au chuo kikampa barua ya kuthibitisha kiasi na tarehe, aionyeshe kwa mwenye nyumba. Barua ya namna hiyo haigharimu kitu, na ingemtoa mama wa Malimbe kwenye kubahatisha.

Linabaki suala la likizo ndefu, ambalo sijaona mtu akilijibu vizuri. Chuo kikifunga, bumu halitoki, mwanafunzi yuko kwao analima, na chumba kimefungwa kofuli na godoro ndani. Mwenye nyumba anasema chumba kinatumika. Mwanafunzi anasema hayupo. Wote wawili wana haki, na kwa sasa analipa asiye na fedha. Pendekezo langu ni nusu ya kodi kwa miezi hiyo, iandikwe kwenye mkataba siku ya kwanza. Wenye nyumba wa Nyegezi watakaosema nusu ni kidogo, nawaomba walete kiasi chao mezani, lakini wakitaje Oktoba, kabla kijana hajashusha mzigo.