Mufti mkuu si Msalafi
Kuna makala inayodai kwamba tangu Rais Assad aanguke Desemba 2024, Masalafi, yaani Waislamu wanaoshika mwenendo wa vizazi vya mwanzo na kupinga maulidi, wameishika dini yote ya Syria. Mimi sikubali. Machi 2025 rais mpya, al-Sharaa, alirudisha cheo cha mufti mkuu, yaani mkuu wa watoa fatwa, ambacho Assad alikifuta 2021, akampa Osama al-Rifai, shehe wa Damascus wa madhehebu ya Shafi na itikadi ya Ashari, ambayo Masalafi hawaikubali. Baraza la fatwa nalo limechanganya pande zote mbili, Masalafi na wasio Masalafi. Ugomvi uko chini, msikitini: nani apande mimbari, maulidi yasomwe au yaachwe. Hayo nayajua, hapa Kamalondo, Lubumbashi, nimeona ndugu wa tumbo moja wakinuniana kwa ajili ya hitima, kisomo cha kumwombea marehemu, tena ya mama yao! Wa Bukavu na Goma, kwenu maulidi bado yanasomwa bila kelele?